Kopo la mbegu zilizochemshwa: kufundisha ufufuo wa wafu katika darasa la kipaimara

Jumapili waumini husimama na kukiri kwamba mwili utafufuliwa. Jumatano ukitokea msiba, waumini wale wale hukaa chini ya turubai na kuambiwa kuwa marehemu ameshafika, roho yake imetua mzigo, na kilichomo jenezani ni ganda tu. Hakuna anayeshtuka. Wimbo unaofuata unasema hivyo hivyo, na mshereheshaji anaongeza kwamba Mungu amechuma ua lake.

Pengo hilo halizibiki makaburini, kwa sababu mtu aliyefiwa hana nafasi moyoni ya kupokea fundisho geni. Huzibwa darasani, watu wakiwa wazima na wamelala vizuri. Mwongozo huu ni wa makatekista, wainjilisti na walimu wa kipaimara wa Dodoma na vijiji vyake. Una vipindi sita vya Kwaresima na asubuhi moja ya Pasaka, kwa darasa la watu 24 au pungufu. Wakizidi 30, gawa darasa, maana kazi ya kuotesha mbegu kwenye makopo itawashinda.

Kwaresima inafaa kuliko miezi mingine kwa sababu ya shamba. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Uwele uliopandwa Desemba kwa mvua za kwanza huwa umetoa masuke wakati huo, na Pasaka ikichelewa huwa umeanza kukauka. Paulo anapomwita Kristo aliyefufuka "limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20), mwanafunzi wa Chamwino au Mvumi anaweza kulishika limbuko lenyewe mkononi. Suke la kwanza lililokomaa na shamba zima linalofuata ni mazao ya mbegu moja na msimu mmoja; aliyeliona la kwanza anajua mengine yako njiani. Hoja ya Paulo ni hiyo hiyo. Ukifundisha somo hili Agosti, utalazimika kulieleza kwa mdomo.

Shida ya miezi hiyo ni kweleakwelea. Watoto wa vijijini huwa kwenye madungu wakiamia ndege alfajiri na jioni, saa ambazo ndege hula. Usipange kipindi saa 12 asubuhi wala saa 10 jioni, kisha ukalalamika kwamba kipaimara hakithaminiwi. Saa 6 mchana, baada ya ibada ya Jumapili, ndege wamepumzika kivulini na watoto wanapatikana. Kipindi kiwe saa moja na robo. Dakika 15 za kwanza ni za makopo.

Vitu vya kuandaa

Tafuta makopo tisa ya maziwa ya unga, au chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa katikati. Sita ni ya makundi ya watu wanne wanne, mawili ni akiba yako nyumbani, na moja ni lile litakalobeba somo zima. Toboa kila kopo matundu manne chini kwa msumari. Changanya sehemu mbili za udongo wa shamba, moja ya mchanga wa korongo, na moja ya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mbegu. Udongo mtupu wa Dodoma, ukimwagiliwa na kupigwa jua, hujenga ukoko mgumu juu, na chipukizi la uwele halina nguvu ya kuuvunja. Ndiyo kazi ya mchanga.

Makundi mawili yapande uwele, mawili mtama, moja mahindi, moja karanga. Uchanganyaji huu una sababu: Paulo anasema Mungu huipa kila mbegu mwili wake (1 Wakorintho 15:38), na darasa lenye mahindi peke yake haliwezi kuliona hilo. Panda uwele kwa kina cha sentimita 2, mtama 3, mahindi na karanga 5. Mbegu sita kwa kopo zinatosha. Maji ni nusu kikombe cha chai kila asubuhi. Uwele na mtama huchomoza siku ya tatu hadi ya sita, mahindi ya tano hadi ya saba, karanga hukawia hadi siku ya kumi. Chukua mbegu ya akiba ya nyumbani, ya msimu uliopita. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa isiingie darasani, watoto watailamba.

Sasa kopo la tisa. Chemsha punje sita za mahindi kwa dakika 10, zianike kivulini hadi zirudie sura yake, kisha zipande na uliweke kopo hilo pamoja na mengine. Usimwambie mtu. Kabla ya hapo, kausha udongo wa kopo hili kwenye kikaango juu ya moto kwa nusu saa. Ukiuruka mchakato huu, wiki ya pili nyasi itachomoza humo na darasa litapiga vigelegele kwa muujiza usiokuwepo. Makopo yote yalale nyumbani kwako au ofisini kwa katekista. Yakilala kanisani, kuku watayamaliza, na kuna mtoto mwenye huruma atakayefukia punje nzima ndani ya kopo lililokawia.

Maneno kwanza

Nusu ya mkanganyiko katika somo hili unatokana na maneno, kwa hiyo tumia dakika 20 za kipindi cha kwanza kuyanyoosha ubaoni.

Imani ya Mitume inazungumzia mwili. Ile ya Nikea inasema wafu. Hakuna inayosema ufufuo wa roho. Wakatoliki wengi husema ufufuko, Waprotestanti ufufuo, na Biblia ya Union hutumia pia kiyama, kama katika Mathayo 22:30, "katika kiyama hawaoi wala hawaolewi". Neno hilo tunalitumia pamoja na jirani zetu Waislamu wa Kondoa, ambao nao wanangoja siku ya kufufuliwa na kuhukumiwa. Mwanafunzi akiuliza kama wao na sisi tunaamini jambo moja, mjibu kwamba siku ya kufufuliwa inaaminiwa pande zote mbili. Tofauti kubwa iko kwa yule ambaye Wakristo wanasema ameshafufuka tayari.

Kufufuka na kufufuliwa pia vitofautishwe. Wafu hufufuliwa, yuko anayetenda. Agano Jipya humsema Yesu kwa namna zote mbili, lakini mahubiri ya Petro katika Matendo hurudia kwamba Mungu alimfufua.

Neno gumu kuliko yote ni kuzimu. Lina mzizi mmoja na mzimu, kwa hiyo sikio la Mswahili husikia mahali pa mizimu. Watafsiri walilitumia kwa makao ya wafu wote, wema na wabaya: Zaburi ya 16 inamshukuru Mungu asiyeiacha nafsi kuzimu, na Ufunuo 20:14 inaonyesha Kuzimu yenyewe ikitupwa katika ziwa la moto. Jehanamu ni neno jingine, la hukumu. Mwalimu anayechanganya haya mawili atakwama mbele ya yeyote aliyesoma mstari huo: jehanamu itatupwaje ndani ya jehanamu?

Kisha roho na nafsi. Fungua Mwanzo 2:7. Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi, na mtu anakuwa nafsi hai. Mtu mzima ndiye nafsi hai, mavumbi yakiwamo. Waache wakae na mstari huo kabla hujaendelea, kwa sababu wengi wamekuja na picha ya roho kama abiria na mwili kama basi la kukodi. Picha hiyo ina asili ya Kiyunani kuliko ya Biblia, na ndiyo iliyowafanya baadhi ya watu wa Athene kumdhihaki Paulo alipotaja ufufuo wa wafu (Matendo 17:32). Kwao mwili kurudi ilikuwa hasara.

Vipindi vyenyewe

Kipindi cha kwanza, baada ya maneno, ni kifo. Panda mbegu, kisha soma Mwanzo 3:19 na 1 Wakorintho 15:26, kifo kinapoitwa adui wa mwisho. Usikipambe kifo. Yesu alilia machozi kaburini kwa Lazaro hali akijua atamtoa, na mwalimu anayewaambia watoto kwamba Mkristo halii amewafundisha kitu ambacho Bwana wao hakukifanya. 1 Wathesalonike 4:13 inakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Kuhuzunika kwenyewe hakukatazwi.

Cha pili, Agano la Kale, kiende haraka. Isaya 26:19 na Danieli 12:2 zinatosha. Wakatoliki waongeze wale ndugu saba wa 2 Wamakabayo 7. Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu, linapendwa sana na wahubiri, ila mstari wa 11 unasema wazi kwamba mifupa hiyo ni nyumba ya Israeli, taifa lililokata tamaa uhamishoni. Litaje hivyo. Maliza kwa Masadukayo, waliokataa ufufuo, na jibu la Yesu kwao kutoka kichaka cha Musa. Wiki hii makopo ya uwele na mtama yameshachomoza. Fukua mche mmoja wa akiba, upitishe mkono kwa mkono: ganda tupu la mbegu, mzizi, jani. Mtu atauliza kwa nini kopo moja limelala. Mjibu: tuendelee kumwagilia.

Cha tatu ndicho nguzo. Bila Yesu kufufuka, vipindi vingine vyote ni porojo, na Paulo anasema karibu hivyo katika 1 Wakorintho 15:14–19. Anza na 1 Wakorintho 15:3–8. Waraka huu uliandikwa kama miaka 25 hivi baada ya msalaba, na Paulo anasema maneno hayo yeye mwenyewe alipokea, yaani ni ya zamani kuliko waraka. Waandike mashahidi ubaoni: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo, mitume wote, Paulo. Waonyeshe kwamba anasema wengi wa wale 500 wako hai bado. Kwa lugha ya kijijini, anasema: nenda kawaulize.

Halafu uliza swali ambalo karibu kila darasa hulikosa. Je, Lazaro alifufuka kama Yesu? Wengi watasema ndiyo. Orodhesha pamoja nao waliorudishiwa uhai katika Biblia: mtoto wa mjane wa Sarepta, mtoto wa Mshunami, maiti aliyegusa mifupa ya Elisha, kijana wa Naini, binti Yairo, Lazaro, Tabitha, na Eutiko aliyeanguka dirishani akisinzia mahubiri marefu ya Paulo (wahubiri wa misibani wamkumbuke). Wote hao walirudi katika maisha yale yale na baadaye wakafa tena. Lazaro alitoka kaburini amefungwa sanda, ikabidi watu wamfungue; sanda ya Yesu ilibaki kaburini. Warumi 6:9 inasema Kristo hafi tena. Mwanafunzi akishika tofauti hii, hatayumbishwa na habari za mtu aliyezinduka mochwari ambazo huvuma mara kwa mara. Hata kama ni za kweli, ni habari za namna ya Lazaro.

Soma pia Luka 24:36–43 taratibu. Wanafunzi wanadhani wameona roho. Yesu anawaonyesha mikono na miguu, anasema roho haina mwili na mifupa, kisha anaomba chakula na kula kipande cha samaki wa kuokwa. Kwa darasa la Mtera, penye samaki kila siku, kipande hicho hakihitaji maelezo.

Cha nne ni mwili wa ufufuo, na hapa makopo yanaanza kulipa. Soma 1 Wakorintho 15:35–49. Kila kundi lishike mbegu yake mkono mmoja na kopo lake mkono mwingine. Uliza mambo mawili tu: vinafanana? ni kitu kimoja? Jibu la kwanza ni hapana, la pili ndiyo, na ndani ya hapana na ndiyo hiyo ndimo fundisho lilipo. Punje ya uwele haina jani, haina suke, ni "chembe tupu". Lakini kinachoota ni uwele, hakiwi mtama. Atakayefufuka ni yule yule aliyezikwa, naye atakuwa amebadilishwa. Andika jozi nne za Paulo ubaoni, uharibifu na kutoharibika, aibu na fahari, udhaifu na nguvu, mwili wa asili na mwili wa roho, kisha simama kwenye ya mwisho. Mwili wa roho si mwili uliotengenezwa kwa roho kama kivuli. Ni mwili halisi unaoongozwa na Roho wa Mungu, kama ule uliokula samaki.

Kijana aliyesoma baiolojia atainua mkono: mbegu inayoota haijafa, iliyokufa haioti. Msifu. Yuko sahihi, na amekufungulia mlango. Lete kopo la tisa, fukua, waonyeshe punje zimevimba, zimelainika na kuanza kuoza. Sasa sema ukweli: zilichemshwa. Uliza kinachohitajika ili ziote. Watataja mbolea, maji, maombi, wengine watacheka. Wakifika kwenye neno haiwezekani, nyamaza kidogo, kisha waambie kwamba mtu aliyekufa anafanana na kopo hili kuliko yale manane. Ndani yake hakuna kiini kilicho hai kinachosubiri mvua. Mfano wa Paulo unaeleza mabadiliko ya mwili. Haufundishi kwamba ufufuo hutokea wenyewe kama msimu. Tumaini lote liko kwa Mungu aliye nje ya kopo. Zifukie tena punje zile, na endelea kumwagilia hadi Pasaka.

Walimu wengi huogopa hatua hii, wakidhani inabomoa imani. Imani inayobomolewa na punje ya mahindi ilikuwa imejengwa juu ya kitu kingine.

Cha tano ni hukumu na hatima ya milele. Soma Yohana 5:28–29, Mathayo 25:31–46, Ufunuo 20:11 hadi 21:5. Wote wanafufuliwa, wenye haki na wasio haki. Hukumu inamhusu mtu mzima, mwili wake ukiwamo, kwa sababu aliishi na kutenda akiwa na mwili. Usiwachoree watoto mashetani na majungu, maana picha hizo nyingi hazitoki katika Biblia. Wala usiilainishe Mathayo 25:46, inayotaja adhabu ya milele na uzima wa milele katika sentensi moja. Sema lililoandikwa na uishie hapo. Kisha onyesha kwamba Ufunuo 21 inaona mji mtakatifu ukishuka. Mwisho wa safari ni mbingu mpya na nchi mpya, maskani ya Mungu pamoja na wanadamu. Mwenye kudhani uzima wa milele ni kuimba juu ya mawingu bila kukoma ana haki ya kuuogopa.

Kazi ya nyumbani: mambo ya Mathayo 25 ni sita, yaani mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa, mfungwa. Kila kundi lichague moja na kulitenda kabla ya Jumapili ya Matawi. Ndoo mbili za maji kwa bibi asiye na wa kumtekea, au uji kwa mgonjwa aliyelazwa bila ndugu. Wasipige picha.

Cha sita, Jumapili ya Matawi, ni kile kipindi kati ya kufa na kufufuliwa, na hapa ni lazima ujue mipaka ya kanisa lako. Chora mstari ubaoni: kifo, kungoja, kurudi kwa Kristo na ufufuo, hukumu ya mwisho, mbingu mpya na nchi mpya. Kosa la turubai la msibani ni kufuta sehemu tatu za katikati na kuunganisha kifo moja kwa moja na mwisho. Kuhusu kungoja kwenyewe, makanisa yanatofautiana. Wakatoliki hufundisha hukumu ya kila mtu pale anapokufa, toharani kwa wanaohitaji kutakaswa, na kuwaombea marehemu, hasa Novemba 2. Waanglikana na Walutheri kwa kawaida husema waliokufa katika Kristo wako pamoja naye, wakitegemea Wafilipi 1:23 na neno la Yesu kwa mnyang'anyi msalabani, bila toharani. Wasabato husema wafu wamelala bila kujua lolote hadi ufufuo. Wapentekoste wengi huweka unyakuo na utawala wa miaka 1,000 kabla ya hukumu ya mwisho. Familia moja ya Dodoma inaweza kuwa na wanne wote hawa sebuleni. Fundisha msimamo wa kanisa lako kwa uwazi, taja wa wengine kwa haki, na uwaonyeshe kwamba wote wanaungojea ufufuo wa wafu.

Maswali yatakayokuja

Aliyeliwa na fisi atafufukaje? Na aliyeteketea kwa moto? Jibu ni kopo la tisa. Mungu hatafuti vipande kama fundi wa saa. Aliyemfanya mtu kwa mavumbi hazuiwi na mavumbi. Darasa la wazee huenda likataja ajali ya treni ya Igandu ya Juni 2002, iliyoua watu zaidi ya 200, wengine wasitambuliwe. Jibu polepole hapo, maana unaweza kuwa unasema na mtu ambaye hakupata kaburi la kwenda kupalilia.

Kuchoma maiti je? Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, mradi isifanywe kwa kuukana ufufuo. Kuzika kunabaki kuwa desturi inayopendelewa.

Mwenye wake wawili atakuwa na nani? Masadukayo waliuliza hivyo hivyo kwa mwanamke wa waume saba. Mpe Mathayo 22:30 na usiongeze.

Walemavu, wazee, watoto wachanga watakuwaje? Biblia haitaji umri. Inasema tutafanana naye (1 Yohana 3:2), na mwili wake ulikuwa na alama za misumari zisizomuumiza tena. Usimwahidi mtoto mwenye ulemavu kwamba "atatengenezwa" kana kwamba sasa ni mbovu. Mwambie udhaifu wote, wako na wake, utavaa nguvu.

Ng'ombe watakuwepo? Swali hili huulizwa kwa utani na mfugaji ambaye hatanii. Warumi 8:19–22 inasema viumbe vyote vinangoja kuwekwa huru. Idadi ya kundi lake haikutajwa.

Wafu wanatuona? Mizimu inatusumbua? Mpeleke kwa mchungaji au padri kama linatokana na jambo la nyumbani kwake. Darasani inatosha kusema kwamba Mkristo hatafuti shauri kwa wafu, na kwamba waliokufa wako mikononi mwa Mungu.

Kulipeleka somo makaburini

Waliomaliza darasa wataombwa kusema neno misibani. Wape kipimo: dakika saba, mstari mmoja. Saa 8 mchana makaburini kuna jua, na spika ya kukodi hupoteza chaji. Yohana 11:25 au 1 Wathesalonike 4:13–18 hufaa zaidi. Asome, aseme kwamba mwili huu unaowekwa hapa ndio Mungu atakaoufufua, amtaje marehemu kwa jina, aketi. Asitangaze marehemu yuko wapi, kwa wema wala kwa ubaya. Kiti cha hukumu kina mwenyewe. Asiligeuze kaburi kuwa mtego wa kuwaita watu watubu huku mjane amesimama juani. Na asiseme "huu ni mwili tu". Wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ile walibeba manukato kwa ajili ya mwili.

Asubuhi ya Pasaka

Baada ya ibada, dakika 20, mahali penye kivuli. Omba ruhusa mapema ya kukata suke moja la uwele lililokomaa katika shamba la karibu. Pasaka ikiangukia Machi, huenda bado ni bichi. Tafuta shamba lililopandwa mapema. Walawi 23:10–11 ilidai mganda wa malimbuko uletwe siku baada ya sabato, yaani siku ambayo kaburi lilikutwa tupu. Pitisha suke, kila mmoja apukuse punje moja kiganjani.

Kisha fukua kopo la tisa kwa mara ya mwisho. Punje zitakuwa zimeoza, na harufu itawafikia walio mstari wa mbele. Liweke chini, suke juu ya kinywa cha kopo. Mwanafunzi mmoja asome Warumi 4:17, juu ya Mungu anayewahuisha wafu na kuyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Imbeni wimbo mmoja wa Pasaka.

Miche ya mtama na mahindi wachukue nyumbani, ingawa kwa kupandwa Aprili haitazaa bila kumwagiliwa. Makopo yarudi kwako yakiwa yameoshwa, utayahitaji mwakani.